Milimita Nne za Baba Mkwe

Hubert alizaliwa Buleusa, upande wa misitu ya Walikale, katika nyumba isiyokuwa na kifaa cha kupimia isipokuwa kidole gumba cha baba yake. Baba huyo alikuwa mwindaji na mlina asali. Akiona nyuki wanaingia kwenye tundu la mti, hakukimbilia shoka. Alichonga ufito mwembamba, akaupenyeza tunduni pole pole huku amefumba macho, mpaka asikie ncha imegusa kitu laini. Hapo aliubana ufito kwa ukucha usawa wa gome, akauchomoa, akaulaza juu ya shina kwa nje, akajua pa kukata. Majirani waliokata kwa kubahatisha walikula asali iliyojaa vumbi la mbao, na bado walijisifu. Hubert aliushika ufito huo akiwa na miaka sita.

Nalisema hili mapema kwa sababu kule milimani Masisi, alikoishi maisha yake yote ya utu uzima, watu hushikilia kwamba tabia ya kupimapima alifundishwa na Wazungu. Si kweli. Wazungu walimpa rula tu.

Alipanda Masisi mwaka wa 1948, akaajiriwa katika dispensari moja ya misheni karibu na Lushebere, kazi yake kuchemsha sindano na kushika vichwa vya watu wanaong'olewa meno. Baada ya miaka minne akapita daktari wa meno, Mbelgiji mwenye masharubu, akakaa miezi mitatu. Meno mengi aliyang'oa. Machache, hasa ya mbele, aliyaokoa, na hapo ndipo Hubert alipoacha kushika vichwa akaanza kutazama mikono.

Daktari alimweleza kwamba ndani ya jino kuna mfereji mwembamba kuliko uzi wa katani, unaoshuka mpaka ncha ya mzizi, na ndani ya mfereji kuna mshipa unaouma. Mshipa ukioza, unautoa, unasafisha mfereji, unauziba, na jino linabaki kinywani mwa mwenyewe. Lakini kwanza lazima ujue urefu wa mfereji. Unaingiza sindano yenye kisahani kidogo cha mpira, unaishusha hadi mwisho, unakisukuma kisahani mpaka kiguse ukingo wa jino, unaichomoa sindano na kuilaza kwenye rula. Ukikomea njiani, uozo unabaki ndani na jino litaamka tena. Ukipitiliza, unamchoma mtu kwenye mfupa.

“Iko sawa na asali,” Hubert akasema.

Daktari hakuelewa, lakini alikuwa na akili ya kutosha kumpa sindano.

Alipoondoka aliacha kisanduku cha sindano hizo, mashine ya kutobolea inayokanyagwa kwa mguu kama cherehani, rula ya chuma yenye urefu wa kidole, na ahadi ya kurudi baada ya miezi sita. Ahadi hiyo hadi leo iko njiani. Visahani vya mpira vilipokwisha, Hubert alikata vingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli iliyokufa. Kisha akaanza kukusanya meno yaliyong'olewa. Aliyachemsha, akayapasua, akayapima, akaandika katika daftari: la Marcellin wa Muheto, gego, milimita ishirini na moja, la mama fulani wa sokoni, jino la mbele la juu, ishirini na mbili. Mengine aliyaweka katika mkebe wa biskuti. Mkebe ulipojaa, wanawake wa kisimani walikubaliana kwamba anatengeneza mtu mwingine nyumbani, na kwamba sasa amebakiza nywele tu.

Ugonjwa wa kupima ulimpanda kichwani. Alipima nafasi kati ya mashimo ya maharage. Alipima kijiti cha kiberiti. Siku aliyolaza rula kwenye tonge la bugali, mke wake Euphrasie alimnyang'anya ile rula, akaikalia, wakala hivyo hivyo. Jina la Papa Milimetre lilitoka kinywani mwa Euphrasie siku hiyo, na kufikia Jumapili padri naye alikuwa analijua.

Euphrasie alikuwa binti wa Makuza, mfugaji wa milimani, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na ng'ombe wengi. Makuza hakumtaka Hubert. “Muntu wa pori anajua nyani,” alisema, “ngombe hamujue.” Ilichukua mwaka mzima na wajumbe watatu kumlainisha, na hata alipokubali, alikubali kwa kutikisa kichwa mara moja tu, kama mtu anayefukuza nzi. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwita mkwe wake kwa jina. Alimwita “ule,” yaani yule. Hubert aliumia, naye hakuficha: alimwambia mke wake waziwazi kwamba angefurahi zaidi kutukanwa.

Sasa lazima niseme habari za mluzi, maana hadithi yote imening'inia hapo. Makuza alikuwa na mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu, mwanya uliowahi kusifiwa mpaka ng'ambo ya kilima, na kupitia mwanya huo alipiga mluzi. Kila ng'ombe wake alikuwa na sauti yake. Mtamba mdogo alikuwa na mbili fupi. Bihogo, ng'ombe mwekundu wa giza aliyekuwa mama wa nusu ya zizi, alikuwa na moja ndefu inayopanda na kujikunja mwishoni, na bila kuisikia Bihogo hakuachia hata tone. Wana wa Makuza walijaribu kuiga wakaambulia mate. Watu hakuwapigia. Siku moja jirani alimwuliza mbona hamwiti mke wake kwa mluzi, naye akajibu kwamba muntu ana jina, atafanya nini na mluzi? Mluzi ni wa wale anaowapenda bila maneno. Jirani alikimbia kwenda kumweleza mke wa Makuza, na nyumba ile ilikosa amani wiki nzima.

Basi mwaka wa 1954, mwezi wa mvua, jino la kushoto la ule mwanya likaanza kuuma. Upepo ukiligusa, Makuza aliona nyota. Mluzi ukafa. Siku ya tatu Bihogo alisimama mbele ya zizi, kiwele kimejaa, akigoma, huku ndama akilia. Siku ya sita kiwele kikaanza kuwa kigumu kama boga.

Euphrasie alimleta baba yake dispensari. Masera, mtawa mkuu wa pale, alitazama mara moja akasema ling'olewe.

“Likitoka, mwanya haitakuwa mwanya tena,” Makuza akasema. “Itakuwa mulango. Nani anapiga muluzi na mulango?”

“Kuna njia ingine, Papa,” Hubert akasema, akiwa amesimama mbali kama adabu inavyotaka, macho chini. “Nitapima jino yako, nitaisafisha ndani, itabaki.”

Hapo ndipo lugha ilipomponza. Huku kwetu kupima ni kupima, lakini kupima ni kujaribu pia, na mgonjwa husikia lile analoliogopa.

“Upime?” Makuza akauliza, si kwa mkwe bali kwa binti yake. “Euphrasie, ule anasema atapima. Na akipima akashindwa? Akapime kwa nyani kwanza.”

“Papa, anasema atapima na rula.”

“Na kingine. Tangu lini mukwe anatia vidole mu kinywa yenye ilimupa bibi?”

Hubert alitazama vidole vyake kana kwamba ndivyo vilivyokosa. Aliyepata njia ni Euphrasie. Alikwenda msumarini, akatwaa koti jeupe la infirmier, yaani muuguzi, akamvalisha mumewe, akamfunga kitambaa puani na mdomoni.

“Papa, tazama. Sasa haiko mukwe. Iko infirmier.”

Makuza alimkagua yule mtu mweupe kuanzia viatu hadi paji la uso, kwa muda mrefu, akitafuta kosa. Kisha akakaa kwenye kiti.

“Jambo, infirmier,” akasema. “Unatoka wapi?”

“Buleusa, Papa.”

“Aa! Niko na mukwe wa kule. Muntu moja wa kupimapima vitu. Unamujua?”

“Namujua kidogo.”

“Pole yako,” Makuza akasema, akafungua kinywa.

Hubert alimchoma dawa ya ganzi, akakanyaga mashine, akatoboa jino kwa nyuma, akautoa mshipa. Mpaka hapo alifanya kazi nzuri. Lakini lile koti lilimdanganya Makuza, halikumdanganya yeye. Alikuwa anamwogopa mzee. Alishusha sindano, akasikia ugumu kidogo, hakuthubutu kusukuma. Akakumbuka daftari lake: meno ya mbele ya juu, milimita ishirini na mbili, ukurasa baada ya ukurasa. Akasogeza kisahani kwenye ishirini na mbili, akasafisha hadi hapo, akaweka pamba yenye mafuta ya karafuu, akafunga. Rula aliitumia, ndiyo, lakini alilipima daftari. Jino hakulipima.

Siku mbili Makuza alikuwa mzima. Ya tatu shavu lilivimba mpaka jicho likaomba njia. Bihogo, aliyekuwa amesikia mluzi mara moja tu na kuanza kutumaini, akakausha chuchu mbili.

Jioni hiyo Hubert hakula. Aliyamwaga meno yote ya mkebe mezani, akayatazama, akamwambia mke wake ukweli.

“Niliogopa. Nilikata muti mbele ya kujua asali iko wapi. Papa yangu angenichapa.”

“Papa yangu njo atakuchapa,” Euphrasie akasema. Kisha akamhurumia. “Sababu ya nini hukuenda chini?”

Hubert akaeleza. Ncha ya mzizi haionekani, na dispensari haina mashine ya picha. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayeionyesha: bila ganzi, sindano ikifika mwisho kabisa, mtu anasikia kama amechomwa na mwiba, anashtuka, na wewe unarudi nyuma milimita moja. Hapo ndipo penyewe.

“Lakini Papa yako,” akasema, “mbele ya mukwe wake, atashtuka? Nitatokea na sindano kwa kisogo, yeye atakuwa ananiuliza habari za Buleusa.”

Euphrasie akacheka mpaka akashika meza, na meno matatu yakaanguka chini.

“Uso yake haitasema kitu,” akasema. “Mimi nitaangalia pahali pengine.”

Asubuhi Masera alisema kwamba hii ni mara ya mwisho. Jino likikataa, koleo iko kwenye maji ya moto. Makuza alikaa, shavu limemjaa, heshima yake haijapungua hata kidogo. Miguu yake mitupu aliinyoosha mbele. Euphrasie akaketi chini, kwenye kigoda, mgongo kwa kinywa cha baba yake na macho kwenye nyayo zake.

“Jambo, infirmier,” Makuza akasema kwa upande mmoja wa mdomo. “Bananiambia mukwe wangu aliniharibia jino. Weye unaonekana muntu wa maana. Usifanye kama ule.”

“Sitafanya kama ule, Papa.”

“Na leo utapima, ao utapima?”

“Leo nitapima,” Hubert akasema, na safari hii alijua ni lipi.

Alifungua jino, uchafu ukatoka, na shavu likapata nafuu hapo hapo. Akaosha. Akachukua sindano nyembamba kuliko zote, akafumba macho kama baba yake kwenye tundu la nyuki, akashuka. Ishirini na mbili: hapa ndipo ule ugumu. Akageuza sindano kidogo, robo ya duara, bila nguvu. Ugumu ukaachia. Haukuwa mwisho, ulikuwa kona tu. Ishirini na tatu. Ishirini na nne, na katika daftari lote, kwa jino la namna hii, nne haikuwamo. Alifumbua macho, akamtazama mzee. Makuza alikuwa anatazama dari kwa utulivu wa mtu anayehesabu boriti.

“Inauma, Papa?”

“Aa-aa.”

Ishirini na tano. Jasho likamshuka Hubert mpaka kwenye kitambaa. Kila kitu alichojifunza mezani kilimwambia aache. Kidole chake kikamwambia njia bado ipo.

“Euphrasie?”

“Bado,” akajibu kutoka chini. “Imelala.”

“Nini imelala?” Makuza akauliza, kinywa wazi.

“Paka, Papa.”

Ishirini na sita. Uso wa Makuza ulikuwa uleule. Ishirini na saba, na uso haukubadilika hata unywele. Lakini kidole gumba cha mguu wa kulia kikasimama wima peke yake, kigumu, kikitetemeka, kama masikio ya mbwa aliyesikia mgeni.

“Hapo!” Euphrasie akapiga kelele. “Hapo hapo! Imeamka!”

Alikijua kidole kile tangu utoto. Alikuwa na miaka saba siku fahali alipomkanyaga baba yake, na Makuza aliendelea kuzungumza habari za majani na jirani, uso mkavu, mpaka mtoto alipoona kidole kimesimama na kumwambia mama yake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Makuza alikuwa na kidole gumba badala ya kilio.

Hubert alirudi nyuma milimita moja, akasogeza kisahani, akachomoa, akalaza sindano kwenye rula. Ishirini na sita. Milimita nne zaidi ya daftari. Akaketi kwenye kiti cha Masera bila ruhusa, na kwa kweli machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa koti. Kisha akasimama, akasafisha mfereji wote hadi hapo, akaweka dawa, na wiki iliyofuata, uvimbe ulipokwisha kabisa, akauziba.

Siku ya kuziba Makuza alidai kujua habari zote.

“Jino ya batu ni ngapi?”

“Makumi mbili na mbili, Papa. Mara moja moja na tatu.”

“Na yangu?”

“Makumi mbili na sita.”

Makuza akamgeukia Masera, akamgeukia binti yake, akahakikisha kwamba wote wamesikia. Mpaka kufa kwake hakukutana na mtu bila kumdokezea, kwa njia moja au nyingine, urefu wa mzizi wake.

“Infirmier,” akasema mlangoni, “asante. Mara ya kwanza mulipima. Mara ya pili njo mulipima. Ukiona mukwe wangu, umwambie akuje kujifunza kwako.”

“Nitamwambia.”

“Atakataa. Iko na kichwa nguvu.”

Akaenda zake. Hubert alivua koti, akalitundika msumarini, akabaki na shati lake. Alikuwa amefurahi kwa ajili ya jino, lakini shukrani zote zilikuwa zimebaki pale ukutani na koti.

Alfajiri ya pili yake waliusikia mluzi. Nyumba ya Hubert ilikuwa chini ya kilima cha Makuza, na hewa ilikuwa safi baada ya mvua. Kwanza ule mrefu unaopanda na kujikunja, na baada ya kitambo Bihogo akaitika kwa mlio mzito wa shukrani. Kisha mbili fupi za mtamba. Euphrasie, aliyekuwa anawasha moto, aliacha kupuliza, akasikiliza akitabasamu. Kisha wengine, mmoja mmoja, mpaka zizi lote likaisha.

Halafu kukatoka mwingine. Mfupi, mrefu, mfupi tena, na mwishoni mlio mdogo kama mtu anayegonga kitu kidogo kwenye kitu kingine kidogo. Hubert alikuwa anawajua ng'ombe wote wa pale kwa sauti zao, ingawa kwa miaka yote aliambiwa hajui ng'ombe.

“Hiyo ya nani?” akauliza. “Amenunua ngombe mupya?”

Mluzi ukarudi uleule, sasa kwa nguvu zaidi, na ukaja wa tatu, wenye hasira kidogo, kama wa mtu asiyezoea kungojeshwa.

“Papa Françoise,” Euphrasie akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Hakuna ngombe mupya. Anakuita weye.”

“Miye? Miye niko ngombe?”

“Kwa Papa yangu, hakuna kitu ya juu kuliko hiyo. Simama, muntu wa pori. Mama yangu alingoya miaka makumi tatu, hakupata.”

Hubert alisimama katikati ya nyumba, shati mkononi, mtu mzima mwenye mke na mtoto, akawa hajui atie mkono upi kwanza. Mluzi ukaita tena kutoka juu. Akafungua mlango, na kwa kuwa hakujua mtu huitika vipi akiitwa hivyo, akaitika kwa nguvu zake zote, kama watu wa milimani wanavyomwitikia mkubwa, “Karame!”, akaanza kupanda kilima bila viatu na bila rula.